Kutafuta Sababu ya "Jipe Moyo": Mwongozo Kamili wa Kusoma Visa vya Injili kwa Maisha ya Kila Siku

Hakuna faraja tunayoitoa kwa wepesi kuliko maneno haya mawili: jipe moyo. Huambiwa mfiwa, huambiwa mgonjwa, huambiwa kijana aliyekataliwa kazi kwa mara ya nne, na mara nyingi anayeyasema hana la kuongeza. Maneno hayo hayo yamo katika Injili, lakini ukiyafuatilia popote yalipo utagundua kwamba hayaachwi peke yake. Mwenye kupooza anaambiwa ajipe moyo, na papo hapo anaambiwa kwamba dhambi zake zimesamehewa (Mathayo 9:2). Wanafunzi waliotishika usiku ziwani wanaambiwa wajipe moyo, kisha wanaambiwa ni nani anayewajia juu ya maji (Mathayo 14:27). Bartimayo, kipofu aliyekuwa akiomba kando ya njia ya Yeriko, anaambiwa: "Jipe moyo, inuka, anakuita" (Marko 10:49). Na katika usiku wa mwisho kabla ya mateso, Yesu hawafichi wanafunzi wake kwamba ulimwenguni watapata dhiki. Anawataka wajipe moyo kwa kuwa yeye ameushinda ulimwengu (Yohana 16:33).

Kila mahali moyo unaambatana na sababu. Kwa hiyo msomaji anayefungua Injili akiwa amechoka hahitaji kujilazimisha kujisikia vizuri. Kazi yake ni kuitafuta sababu iliyofichwa ndani ya kisa, naye akiipata ndipo moyo hufuata, wakati mwingine siku ileile na wakati mwingine baada ya wiki. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuitafuta. Kisa tutakachokwenda nacho zaidi ni kile cha Yairo, baba anayemsihi Yesu aje kumponya binti yake, na mwanamke aliyetokwa na damu, Marko 5:21-43, kwa sababu kinahusu jambo ambalo wengi wetu tunaishi nalo kila siku, yaani kungoja huku mwingine akihudumiwa.

Hatua ya kwanza: Chagua kisa kizima, usichague mstari

Wapo Wakristo wengi wanaofunga macho, wakafungua Biblia popote na kuweka kidole, kisha wakauchukua mstari walioangukia kuwa ujumbe wa siku. Siwacheki, kwa maana hata mimi nilifanya hivyo kwa miaka mingi, lakini njia hiyo ina kasoro moja kubwa: inamnyima mwandishi wa Injili nafasi ya kusema alichokusudia kusema. Namba za mistari tunazozitumia leo ziliwekwa katika Agano Jipya mwaka 1551 na mchapishaji Mfaransa, Robert Estienne, ili kurahisisha kutafuta mahali. Hazikuwekwa ili kila mstari uwe kidonge kinachojitegemea. Marko alisimulia, naye anayesimulia hutegemea kwamba msikilizaji atakaa mpaka mwisho.

Ukiwa unaanza, anza na Marko. Ina sura 16 tu, unaweza kuisoma yote kwa sauti katika mchana mmoja wa Jumapili, na mwendo wake ni wa haraka. Neno "mara", kwa maana ya papo hapo, linarudi takriban mara 40 katika Kigiriki chake. Kisa cha Marko kwa kawaida huanza pale Yesu anapofika mahali na huishia pale anapoondoka, kwa hiyo si vigumu kujua mipaka yake. Vichwa vidogo vilivyochapwa katika Biblia yako vinasaidia, ila kumbuka kwamba wahariri ndio waliovitunga, na pengine vinakuambia mapema mno jambo ambalo ungepaswa kuligundua mwenyewe.

Kuhusu tafsiri, ni vyema kuwa na mbili. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 ina lugha nzito na yenye mdundo, na ndiyo wengi tuliyoikariri. Habari Njema ina sentensi nyepesi zinazokusaidia unapokwama. Kuna hazina katika ile ya zamani ambayo msomaji wa Kiswahili asiikose. Katika kisa cha dhoruba (Marko 4:35-41) Yesu amelala katika shetri, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, na upepo unapokoma panakuwa shwari kuu. Hayo ni maneno ya mabaharia wa pwani yetu. Mtu aliyewahi kuvuka kwa jahazi akaona bahari ikitulia kama mafuta hahitaji mahubiri ili aelewe shwari ni nini.

Hatua ya pili: Kisome kwa sauti mara tatu

Injili ziliandikwa zisomwe na mmoja huku wengine wakisikiliza, na ndiyo maana mwanzo wa Ufunuo unawabariki kwa pamoja asomaye na wasikiao (Ufunuo 1:3). Kisa cha Yairo huchukua dakika nne hivi ukikisoma bila haraka. Kisome mara ya kwanza ili ujue nini kilitokea. Mara ya pili, fuata mtu mmoja tu, umwangalie kila anapotajwa na pia pale asipotajwa. Mara ya tatu, sikiliza neno au tendo gani linakukwaza au linakuvuta, ukaliandike katika daftari bila kulifafanua. Ukitumia simu kusomea, zima data kwanza. Ujumbe mmoja wa kundi la ukoo unatosha kuvunja usomaji wote. Wakati bora ni ule ambao hauombwi na mtu mwingine. Kwa wengine ni alfajiri kabla ya watoto kuamka, kwa wengine ni nusu saa ya chakula cha mchana kazini.

Hatua ya tatu: Jua mahali na desturi, kwa kiasi

Huhitaji kuwa mwanachuo wa theolojia, lakini mambo machache yakieleweka, kisa hubadilika. Chukua ziwa la Galilaya. Lina urefu wa kilomita 21 hivi na upana usiozidi 13, nalo limelala katika bonde lililo takriban mita 210 chini ya usawa wa bahari, limezungukwa na vilima ambavyo upepo huporomoka kutoka juu yake ghafla. Mwaka 1986, ukame uliposhusha maji, mabaki ya mashua ya zama hizo yalionekana katika tope la ufuo. Urefu wake ulikuwa mita 8 na kidogo, na upana wake mita 2 na kidogo. Ikiwa mashua ya wanafunzi ilikuwa ya namna hiyo, basi mtu aliyelala katika shetri alikuwa hatua chache tu kutoka kwa mwenye hofu kuliko wote, na maji yaliyowalowesha wao yalimlowesha na yeye. Waliuliza, "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" huku wakiwa karibu kumkanyaga. Sababu ya kujipa moyo katika kisa hicho imeanza kuonekana hata kabla upepo haujakemewa: yumo chomboni.

Katika kisa cha Yairo, yapo mambo mawili ya kujua. La kwanza, Yairo ni mmoja wa wakuu wa sinagogi, mtu anayejulikana kwa jina, anayepangia wengine ibada. Kuanguka miguuni pa mwalimu asafiriye mbele ya umati si jambo dogo kwa mtu wa cheo chake. La pili, kwa mujibu wa Mambo ya Walawi 15:25-27, mwanamke mwenye kutokwa na damu kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa najisi, na unajisi huo ulihamia kwenye kitanda alicholalia na kwa mtu aliyevigusa vitu vyake. Kwa miaka 12, basi, mwanamke huyu alikuwa mgonjwa na pia mtu wa kukwepwa. Marko anaongeza kwamba alikuwa ametumia vyote alivyokuwa navyo kwa waganga wengi, na hali ikazidi kuwa mbaya. Sidhani kama kuna familia hapa kwetu isiyoyaelewa maneno hayo bila ufafanuzi.

Ishia hapo. Wapo wanaozama katika kamusi na ramani hadi kisa kinakuwa somo la jiografia.

Hatua ya nne: Tafuta mahali kisa kinapochelewa, ukae hapo

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, aliyevunjwa mguu kwa risasi ya mzinga huko Pamplona mwaka 1521 na kulala kitandani miezi mingi akisoma maisha ya Kristo, baadaye aliwafundisha watu kuingia katika kisa kwa mawazo: kuona barabara, kusikia sauti, kuchagua mahali pa kusimama. Nashauri uchague mahali pa mtu anayengoja. Katika kisa chetu ni mahali pa Yairo.

Fuata mwendo wake. Binti yake mdogo yu katika kufa. Amemsihi Yesu, na Yesu amekubali, wanakwenda. Njiani mwanamke anagusa vazi kwa siri na mara anapona. Angalia hapo: ameshapona kabla Yesu hajasimama. Hakuna dharura tena upande wake. Muuguzi yeyote wa mapokezi angesema, mama, wewe umeshapona, tupishe tumwahi mtoto. Lakini Yesu anasimama, anauliza ni nani aliyemgusa, anaangalia huku na huku katika umati unaomsonga, na anangoja hadi mwanamke anajitokeza akitetemeka na kumweleza kweli yote. Kweli yote ya miaka 12 haielezwi kwa dakika moja. Kisha, akiwa bado anasema naye, wanafika watu kutoka nyumbani kwa Yairo na habari ambayo kila mzazi huiogopa, na juu yake swali la kikatili lenye sura ya adabu: ya nini kuendelea kumsumbua mwalimu?

Sasa mwangalie Yairo tena. Tangu alipomsihi Yesu katika mstari wa 23 hadi mwisho wa kisa, Marko hampi neno hata moja. Halalamiki, hakiri imani, haulizi kwa nini. Anatembea tu. Mimi niliuona ukimya huo nikiwa nimekaa kwenye benchi la korido ya hospitali usiku, nikingoja jina la mtu wangu liitwe, na majina ya wengine yakiitwa moja baada ya lingine. Nilikuwa nimekisoma kisa hiki mara nyingi nikidhani Yairo ni mfano wa imani inayosema kwa ujasiri. Usiku ule niliona kwamba ni mtu aliyeishiwa maneno, na kwamba Injili haimhesabii hilo kuwa kosa.

Sababu yake ya kujipa moyo iko wapi? Maneno anayoambiwa ni mafupi: "Usiogope, amini tu." Yakisimama peke yake yangekuwa kama yale ya kwetu yasiyo na la kuongeza. Lakini angalia kilichotangulia na kilichofuata. Kabla yake, Yairo ameona kwa macho yake mtu aliyekata tamaa kwa miaka 12, miaka sawasawa na umri wa bintiye, akiitwa "Binti" hadharani na kurudishiwa amani. Neno alilolibeba moyoni kwa ajili ya mtoto wake amelisikia likitamkwa kwa mtu asiyekuwa na wa kumsemea. Baada yake, Yesu haagi. Anaendelea na safari ya kwenda nyumba ambayo watu wameshasema haina haja naye, anaingia katika ghasia za maombolezo, anachekwa, na anamshika mtoto mkono. Sababu aliyopewa Yairo, basi, haikuwa maelezo ya kwa nini wamechelewa. Alipewa mtu wa kutembea naye kipande kile cha njia kilichokuwa kigumu zaidi, kati ya habari mbaya na mlango wa nyumba.

Kumbuka pia neno la mwisho la kisa. Baada ya "Talitha, kumi", yaani "Msichana, inuka", mtoto anasimama, watu wanashangaa kupita kiasi, na Yesu anaamuru apewe chakula. Katika mshangao wote ule, ni yeye peke yake aliyekumbuka kwamba mtoto ana njaa.

Hatua ya tano: Uliza kisa hakiahidi nini

Hapa ndipo wasomaji wengi huumia baadaye. Mtu anasoma habari za Yairo, anahitimisha kwamba akiamini vya kutosha mtoto wake atapona, mtoto hafiki asubuhi, na anaachwa akibeba misiba miwili: wa mtoto na wa imani anayodhani ilipungua. Marko mwenyewe ametuwekea kinga. Geuza ukurasa mmoja tu, uone katika sura ya 6 Yohana Mbatizaji anakatwa kichwa gerezani kwa sababu ya kiapo cha karamuni. Hakuna anayekuja kumshika mkono na kumwinua. Wanafunzi wake wanauchukua mwili na kuuzika. Na katika Gethsemane Yesu mwenyewe anaomba kikombe kimwondokee, naye anakinywa (Marko 14:36). Basi mtu anayefundisha Marko 5 bila Marko 6 na 14 ametoa nusu ya dawa, na nusu ya dawa pengine ni hatari kuliko kutotibu kabisa.

Andika katika daftari lako safu mbili. Upande mmoja, weka kile ambacho kisa kinaonyesha juu ya Yesu. Upande wa pili, kile ambacho wewe ungetaka kiwe kimeahidiwa. Uaminifu huo unauma mwanzoni, lakini ndio unaofanya faraja isivunjike siku mambo yanapokwenda vibaya.

Inasaidia pia kulinganisha Injili zinaposimulia jambo lilelile. Mathayo (9:18-26) anakifupisha kisa cha Yairo sana, na kwake mtoto ameshakufa tangu mwanzo, kwa hiyo kule kungoja hakupo. Luka (8:40-56) anatuambia kwamba alikuwa binti pekee. Ukilinganisha, utaona kila mwandishi ametilia mkazo nini, na utajua ni ipi ya kurudia kulingana na hali yako. Mwenye kungoja arudi kwa Marko.

Hatua ya sita: Andika sababu kwa sentensi moja, uende nayo kazini

Ukishakaa na kisa kwa siku tatu au nne (naam, kisa kimoja, siku kadhaa), andika sentensi moja yenye neno "kwa kuwa". Kwa mfano: "Leo sitakata tamaa kwa kuwa hakumwacha Yairo aende nyumbani peke yake." Isiwe sentensi nzuri ya kubandika ukutani, iwe ya kweli kwako. Iombee asubuhi kwa maneno yako, hata kama ni kuirudia tu, kisha ichukue katika daladala, sokoni, darasani, jikoni. Jioni jiulize mahali gani iligusana na siku yako. Usipoona mahali popote, andika hivyo hivyo. Daftari linalosema kila siku kwamba umebarikiwa halina faida kwa mwenyewe.

Visa vingine hushikamana na vitu, na vitu hivyo vinaweza kuwa ukumbusho. Yohana anataja moto wa makaa mara mbili: Petro aliota moto huo usiku alipomkana Bwana wake (18:18), na akaukuta mwingine ufukoni asubuhi, samaki wakiwa juu yake, alipoulizwa mara tatu kama anampenda (21:9-17). Mwenye kulemewa na aibu ya jambo alilolifanya, anapowasha jiko la mkaa asubuhi, ana kisa kizima mikononi mwake. Mwenye kuvunjika matumaini juu ya kanisa au maisha asome njia ya Emau (Luka 24:13-35), ambako wawili wanatembea kilomita 11 hivi wakisema "tulikuwa tukitumaini", na wanasikilizwa kwanza kabla ya kufundishwa. Mwenye kudharauliwa asome Bartimayo, ambaye wengi walimkemea anyamaze naye akazidi kupaza sauti.

Hatua ya saba: Kipeleke kwa wengine kwa uangalifu

Katika jumuiya ndogo ndogo, katika ibada za nyumba kwa nyumba au mezani na familia, kisa husomwa vizuri zaidi kama kila mmoja anaruhusiwa kusema neno moja lililomgusa bila kusahihishwa. Mwongozaji azuie mahubiri, hasa yale yake mwenyewe. Mtoto wa miaka tisa akisema kwamba amefurahi kuona yule msichana alipewa chakula, asiambiwe kwamba hilo si somo kuu.

Uangalifu mkubwa zaidi unahitajika msibani. Usimsomee mfiwa kisa cha kufufuliwa binti wa Yairo siku ya kwanza, hata kama unakipenda, kwa maana atasikia kitu kimoja tu, kwamba mtoto wa mwenzake alirudi na wake hakurudi. Ukiombwa kusoma, soma Yohana 11 tangu Martha na Mariamu wanapomwambia Yesu mmoja baada ya mwingine kwamba kama angalikuwapo ndugu yao hangalikufa, ufike pale Yesu anapolia machozi, na unaweza kufunga kitabu hapo. Yaliyobaki watayasoma wenyewe wakati wao ukifika. Na kabla ya hayo yote, pitia kwanza jikoni na unga na sukari uliyokuja nayo, uulize kwa sauti ya chini kama wenye nyumba wameshakula.